Mlango wa Kumi na Moja

Msusi wa duka la jirani aligeuza shingo tena, na mimi nikaikalia mikono yangu vizuri zaidi.

Hiyo ndiyo sheria tuliyojiwekea mimi na binamu yangu wa kike tangu tulipoanza kuwaketisha watu mbele ya mchezo wetu wa kompyuta: anayejaribu hasemeshwi. Haelekezwi, haguniwi, wala mtu hakohoi kwa namna ya kumstua. Mdomo wangu haunipi taabu, maana hata nyumbani mke wangu huniuliza kama nimelala macho wazi. Taabu ni mikono. Mikono ya fundi ikiona kitu kimekwama inataka kwenda. Kwa hiyo naiweka chini ya mapaja na kuikalia mpaka inakufa ganzi.

"Nimewasha swichi," msusi alisema, akiongea na skrini kama anavyoongea na vichwa vya wateja wake. "Cheche imetoka. Hiyo hapo kushoto, naiona inakimbia. Haya, mlango! Mbona hufunguki? Unataka ubembelezwe?"

Mlango haukufunguka. Akarudi kwenye swichi, akabonyeza, akatembea hatua chache, halafu akageuka kuichungulia cheche. Kosa lake nililiona pale pale, na dawa yake ilikuwa maneno mawili tu. Nikayameza.

"Gemu lenu lilikuwa zuri," alisema mwishowe, akivua spika za masikioni na kurekebisha kilemba. "Milango kumi yote nimeifungua huku nacheka. Huu wa mwisho mmenionea."

"Siyo wa mwisho," nikasema, kwa kuwa sasa niliruhusiwa. "Huo ndio wa kwanza wa sehemu ya pili."

"Basi hiyo sehemu ya pili kaeni nayo wenyewe."

Akatoka huku anaimba kwa pua ile sauti ya mchezo wetu, na nilimsikia akiendelea nayo mpaka kwenye kiti chake cha kusukia, ukutani upande wa pili.

Duka langu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Mbele natengeneza redio, televisheni na simu. Nyuma kuna meza, kompyuta, viti viwili na feni ambayo haigeuki shingo tena. Huko nyuma ndiko mimi na binamu tulikoutengenezea mchezo wetu, jioni za miaka minne, yeye akitoka kuchora mabango ya maduka na mimi nikiwa nimefunga mlango wa mbele. Hakuna aliyetufundisha. Mimi nilisoma vitabu vya zamani vya umeme na kutazama video za watu wanaoongea haraka mno. Binamu alijifunza kwa kuharibu, akiharibu anarudia, na siku hizi haharibu sana.

Ndani ya mchezo wewe ni mtu mdogo kuliko punje ya mchele, uliyeingia ndani ya mashine iliyokufa. Hujioni. Unachokiona ni kile ambacho macho yako yangekiona, na mkono wako wa kulia ulioshika mita ya kupimia umeme. Nyaya ni barabara. Kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zimesimama kama matangi ya maji. Rezista, zinazoupunguza umeme, ni mahandaki yenye mistari ya rangi ukutani, na binamu amezipaka rangi zake sawasawa, kwa hiyo fundi wa kweli akipita humo anaweza kuzisoma. Kila chumba kina mlango uliofungwa, na kila mlango unafunguka ukiufikishia umeme kwa njia iliyo sahihi. Ukiugusa waya kwa mita na umeme ukawamo, unasikia ile sauti aliyotoka nayo msusi.

Sauti ni ya binamu mwenyewe. Amefumba mdomo na kuvuta noti tatu, na chini yake kuna kijiko kinachogonga bilauri. Alirekodi akiwa amejifunika blanketi kichwani ili kelele za barabarani zisiingie. Sijui aliipataje. Najua kwamba kila anayecheza huondoka nayo, na kwamba watu hupima waya ambao hawana haja ya kuupima ili tu waimbiwe.

Milango kumi ya kwanza ni ya umeme tuujuao. Mlango wa kumi na moja ndipo unapoanza upande wangu, upande wa kwanta, sayansi ya vitu vidogo kuliko vyote, na ndio ulionifanya nitake kutengeneza mchezo tangu mwanzo. Humo ukibonyeza swichi inatoka cheche moja tu, na mbele yake kuna nyaya mbili, moja imepita kushoto mwa chumba na nyingine kulia. Cheche ile haichagui. Inapita zote mbili kwa wakati mmoja, ilimradi hakuna anayeitazama, na pande zake mbili zikikutana kwenye kitasa, mlango unafunguka. Ukigeuka kuichungulia njiani, hata kwa jicho la pembeni, inakuwa imepita upande mmoja tu, na cheche ya upande mmoja haifungui kitu wala haiimbishi mita. Vitu vidogo kabisa vya dunia hii ndivyo vilivyo. Nilisoma nikadhani mwandishi amekosea, nikatafuta mwandishi mwingine, naye akasema yale yale.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kubonyeza swichi, kuelekeza uso mlangoni na kutembea. Basi. Sijawahi kutengeneza kitu rahisi kuliko hicho, na hakuna mtu hata mmoja aliyekiweza.

"Kobe," binamu aliniita baada ya msusi kuondoka. Hilo ndilo jina alilonipa tangu utotoni, na nimelizoea. "Ijumaa watu wa maonyesho wanakuja kuuchukua mchezo."

"Najua."

"Na ukumbini hakuna wa kumshika mtu mkono. Wamesema wazi, mchezo unaokwamisha wageni unazimwa, kiti kinapewa mwingine."

"Najua, Binamu."

"Alhamisi jioni. Pasipopatikana mtu wa kuufungua bila kuambiwa, tunakata. Tunapeleka milango kumi."

"Tulikubaliana. Sijabisha."

"Hujabisha, lakini una ule uso wako."

Sikujua nina uso gani. Nilikuwa nikifikiria shingo ya msusi.

Asidhani mtu kwamba nilikuwa nimekaa tu. Nilishaandika ukutani, kwa herufi kubwa, *Usitazame pembeni*. Watu wakasoma, na wote wakatazama pembeni kuona ni nini hicho wanachokatazwa; nikayafuta. Nilishawanyang'anya mita wakiingia chumba kile. Wakageuza shingo badala ya mkono; nikawarudishia. Niliupaka mlango rangi kali ili uvute macho, seremala mmoja akausifia rangi, kisha akageuka kuichungulia cheche. Binamu alishauri tuzifunike nyaya kwa ukuta. Nikamwambia mtu asiyeweza kutazama hajachagua kutotazama. Akaniambia nikaiandike hiyo kwenye fulana.

Jumatano nikamwomba mke wangu.

Mke wangu ana duka la dawa mtaa wa pili. Ni mtu wa kusoma karatasi ya dawa mpaka maandishi madogo ya chini, halafu anaigeuza kuona kama upande wa pili kuna kitu. Mchezo wetu alikuwa hajaugusa, kwa sababu alisema mtu akishaolewa na kitu hana haja ya kukicheza. Alikaa wima, akaweka mkoba mapajani, akaanza.

Alikuwa mzuri kuliko wote. Kila chumba alisimama kwanza, akatazama juu na chini, akapima hapa na hapa. Sauti ya binamu ilipolia mara ya kwanza alitabasamu, na mlango wa nne alikuwa ameshaanza kuitikia. Binamu, aliyekuwa ameegemea ukuta wa mbao, akanikanyaga mguu kwa furaha. Nikaanza kuwa na tumaini, jambo ambalo kwa desturi yangu nalichelewesha.

Akaingia chumba cha kumi na moja. Akabonyeza swichi. Akageuka kushoto kupima.

Kimya.

Akabonyeza tena, akapima kulia. Kimya. Akaenda mlangoni, akasukuma, akarudi. Akafanya hivyo kwa mpangilio kabisa, kushoto, kulia, katikati, karibu na swichi, mbali na swichi, hakuacha nafasi ambayo hajaipima, na kila alipopima alikuwa akiufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Damu ilinipanda kichwani. Siyo kwa ajili yake. Nilitaka kuupiga ngumi ukuta wa mbao, lakini mikono nilikuwa nimeikalia.

Mwishowe akaweka kipanya chini, taratibu, kama anavyoweka chupa ya dawa iliyovuja.

"Niulize?"

Binamu akatikisa kichwa.

"Siulizi namna ya kufungua. Nauliza hivi. Mlango wa kwanza mpaka wa kumi mnaniambia pima, na nikipima mnaniimbia. Nimefika hapa napima, mnaninyamazia. Mimi ndiye mjinga, au nyinyi ndio vigeugeu?"

"Wifi yangu huyo!" binamu akasema akicheka. "Muulize mumeo."

"Namuuliza kila siku mambo mengine hajibu, hili ndilo atalijibu?" Akasimama, akachukua mkoba. "Na shingo inaniuma."

Nilimsindikiza mpaka nje. Hakuwa amekasirika sana. Alikuwa ameudhika, kama mtu aliyepangishwa foleni kisha akaambiwa siyo dirisha hilo. Na maneno yake yalikuwa sahihi, ila sikuyaelewa mpaka kesho yake asubuhi.

Nilikuwa mbele dukani, nimefungua redio ya mteja, natafuta mahali umeme unapopotelea. Nikagusa sehemu moja kwa mita, mshale ukapanda. Sawa, upo. Nikasogea mbele, hamna. Nikarudi pale pa kwanza nikapima tena. Nikajigundua katikati ya kitendo hicho. Nilikwisha kujua umeme upo pale; nilikuwa nimeuona sasa hivi. Nilirudi kwa sababu mshale ukipanda moyo unatulia, na moyo ulitaka kutulizwa tena.

Nikaiweka mita chini.

Kwa hiyo hawakuwa wagumu wa kuelewa, msusi, seremala, mke wangu, wala wale waliotangulia. Tulikuwa tumewafundisha vyumba kumi mfululizo kwamba kutazama ni wema. Tuliwaimbia kila walipotazama. Halafu tunawaingiza chumba ambamo kutazama ndiko kunakoharibu, na tunashangaa kwamba shingo zao zimeshazoea. Maandishi ya ukutani yangefanya nini mbele ya noti tatu zile?

Nikafunga duka, nikaenda nyuma. Binamu alikuwa juu ya ngazi mtaa mwingine, akimchorea mtu bango la viatu. Ningeweza kumpigia simu. Nilijiambia najaribu tu.

Sikuifuta sauti yake. Niliizima. Vyumba vyote kumi, mita ikawa mita tu, mshale unapanda na kushuka bila kumsifu mtu. Ilikuwa kazi ndogo kuliko nilivyotarajia, na hilo lenyewe likanikera.

Nilihitaji mtu mgeni kabisa. Alasiri akapita shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, muuguzi, akiwa ametoka zamu na viatu vyake vyeupe mkononi na kandambili miguuni.

"Shem, dada kaniambia una kitu kinachouma shingo."

"Kaa ujaribu. Mimi sitasema neno."

"Hilo halitakuwa geni." Akakaa, akavua kandambili. "Nikilala usiniamshe."

Alicheza huku anapiga miayo. Hakuwa na papara na hakuwa na hamu. Waya ulipokuwa na umeme mshale ulipanda, akaona, akapita. Alipima palipohitajika, mara moja, kisha akaenda. Mlango wa tatu akauliza, "Hili ni gemu au mtihani wa kazi?" Mlango wa sita akaangalia simu yake. Nilimtazama kisogo nikihesabu mlango kwa mlango, mapaja yameshika mikono kama koleo.

Akaingia chumba cha kumi na moja. Akabonyeza swichi.

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa mlangoni, akatembea moja kwa moja, pande zote mbili cheche inapita bila mtu wa kuichungulia, na alipofika kitasa kikawaka bluu na mlango ukafunguka.

Sikumbuki kama nilitoa sauti. Nadhani nilitoa, kwa sababu aligeuka.

"Nimeharibu?"

"Hapana, hapana. Endelea." Nikajaribu kutuliza uso. "Shemeji, kwa nini hukutazama pembeni?"

"Nikatazame nini? Swichi nimeshabonyeza." Akapiga mwayo. "Kuna mingine?"

"Kuna mingine tisa."

"Mungu wangu."

Hapo ndipo binamu alipoingia, ana rangi nyekundu ya bango mpaka kwenye viwiko. Akaona chumba cha kumi na mbili kwenye skrini, akasimama wima. Kisha akapiga yowe, akamkumbatia shemeji kwa nyuma pamoja na kiti.

"Amefungua! Kobe, amefungua! Bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

"Wewe shemeji ni mtu wa maana sana. Nilishaanza kumhurumia huyu mzee." Akavuta kiti. "Rudi nyuma kidogo, nataka kuona ulivyofanya. Anza pale mlango wa tisa."

Shemeji akarudi mlango wa tisa. Akagusa waya kwa mita. Mshale ukapanda.

Binamu akasubiri. Akachukua spika za masikioni mezani, akakagua waya wake, akaziweka masikioni mwake mwenyewe. Shemeji akagusa waya mwingine.

"Spika zimekufa?" binamu akaniuliza.

Nikainama kuokota skrubu ambayo haikuwepo. Lakini yeye ananijua.

"Umenizima," akasema.

"Nilikuwa najaribu tu."

"Umenizima mchana, mimi niko juu ya ngazi."

"Binamu, sikiliza. Ile sauti ndiyo inayowafundisha kugeuka. Ukiwaimbia kila wakitazama, hawawezi kuacha. Nimeona asubuhi hii. Bila sauti, mlango unafunguka, umeona mwenyewe."

Shemeji alikuwa ameanza kuvaa kandambili, polepole, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka bila kupita katikati ya watu.

"Wewe kaa," binamu akamwambia, bila ukali. "Wewe ndiye shahidi. Ulifurahia?"

"Mimi?" Shemeji akanitazama kuomba msaada. Mimi nilikuwa nimezoea kutosaidia kwenye kiti kile. "Siyo mbaya. Inaeleweka. Unaenda, unafungua, unaenda."

"Ungerudi kesho kuendelea?"

"Kesho niko zamu."

"Keshokutwa."

"Shem, usinichukie," akasema kwangu. "Nimeipita milango kama mtu anayemaliza foleni. Sasa nendeni mkagombane vizuri, mimi nikalale."

Akaondoka na viatu vyake vyeupe. Tukabaki na feni.

"Haya," binamu akasema. "Makubaliano ni makubaliano. Mlango umefunguka kabla ya Alhamisi kwisha, bila neno. Sehemu yako inabaki. Sasa niambie yangu inakwenda wapi."

"Sijasema iende."

"Vyumba kumi vya kwanza watu wanacheka, kwa nini? Kwa ajili ya rezista zako?"

"Kwa ajili ya sauti yako."

"Aa. Kumbe unajua."

Nilijua. Kwa sauti, watu wanafurahi na mlango haufunguki. Bila sauti, mlango unafunguka na hakuna anayetaka kujua kilichopo nyuma yake. Nilizungusha jambo hilo kichwani kama ninavyozungusha kifaa nikitafuta skrubu iliyofichwa, na sikuona skrubu.

Binamu akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akarudi akiwa amepoa kidogo. Yeye hukasirika haraka na kupoa haraka. Mimi kinyume chake.

"Lipo jambo," akasema. "Rudisha sauti kila mahali. Halafu chumba cha kumi na moja nacho tukiimbie. Mtu akibonyeza swichi, akaenda bila kugeuka, akifika katikati ya chumba namwimbia. Atajua yuko sawa. Shingo itatulia. Wote wanafungua, wote wanacheka, na wewe unabaki na kwanta yako."

Lilikuwa wazo zuri. Nasema kwa haki, lilikuwa zuri, na lingefanya kazi. Namjua mchezaji na najua shingo yake.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ikilia katikati ya njia, ina maana kuna kilichoitazama cheche kikajua kwamba iko salama pande zote mbili. Ikitazamwa, haiko pande zote mbili."

"Nani aliyeitazama? Hakuna mtu mle, Kobe! Ni mchezo! Sisi ndio tumeiandika!"

"Ndiyo. Sasa tukiandika hivyo, siyo kwanta tena. Ni swichi na taa, na hadithi ya uongo juu yake."

"Nani atajua?"

Nililipa swali hilo muda, kwa sababu lilistahili. Msusi asingejua. Mke wangu asingejua. Shemeji angekuwa amelala. Labda mmoja kati ya wageni wote wa ukumbi angekunja uso, na labda naye angesamehe.

"Mimi," nikasema.

Binamu akaketi, akainamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Akakaa hivyo. Aliponyanyuka alikuwa na alama ya ukingo wa meza kwenye paji la uso.

"Unajua kumchosha mtu ni kipaji?" akasema. "Watu wanaofoka wanachoka. Wewe unasema pole pole, hapana, haiwezekani, na mtu hana hata pa kushika akupige." Akachukua mkoba wake. "Fanya unavyotaka. Nimechoka. Kesho nakuja asubuhi."

Kiza kilikuwa hakijaingia. Nilikaa pale na kuucheza mchezo wangu mwenyewe tangu mwanzo, bila sauti, kama shemeji. Nilijaribu kwa uaminifu kuupenda. Kwenye mlango wa tano nilikuwa nafikiria redio ya mteja. Kisha nikairudisha sauti na kuanza tena, na kwenye mlango wa pili nilipima waya ambao sikuwa na sababu ya kuupima.

Baada ya hapo sikukaa kufikiri sana. Nilikata kuanzia mlango wa kumi na moja kwenda mbele, chumba baada ya chumba, kwa mpangilio, nikiangalia kila nilipokata pasibaki kitu kinachoning'inia. Nilihifadhi kipande changu pembeni, kwenye diski, kwa sababu sitengenezi kitu cha miaka minne halafu nikakitupa kama ganda. Lakini diski haichezwi na mtu. Nilipomaliza, chumba cha kumi kilikuwa na ukuta mzima mbele yake. Ulikuwa mtupu na mbaya. Nikaupaka rangi ya kijivu, nikaupaka tena, na kila rangi ilionekana ni ya mtu anayeficha kitu. Nikaacha.

Asubuhi binamu alikuja mapema na mikate miwili, jambo linalomaanisha anataka amani. Akawasha kompyuta kabla hata hajakaa. Nilikuwa mbele dukani. Nilisikia sauti yake ikilia mlango wa kwanza, wa pili, akiruka ruka haraka, kisha ikanyamaza kwa muda mrefu.

Akaja akasimama kwenye upenyo wa ukuta wa mbao.

"Nani kakuambia ukate?"

"Tulisema Alhamisi jioni."

"Tulisema *usipofunguka*. Ulifunguka. Ulishinda, Kobe. Nilikuwa nimekuja kukuambia peleka wa kwako, nimelala nimeamka nimekubali."

"Bila sauti hakuna atakayefika huko."

"Hilo siyo lako kuamua peke yako!" Sauti yake ilipanda, na upande wa pili wa ukuta msusi akanyamaza. "Jana umenizima bila kuniuliza. Usiku umejikata mwenyewe bila kuniuliza. Unadhani hii ya pili ndiyo inafuta ile ya kwanza?"

"Sikufikiria hivyo."

"Sasa watu wataingia pale, watacheka, watasema, aa, sauti tamu hii, ni ya nani. Na mimi kila nikisifiwa nikutazame wewe kwanza umekaa wapi na una uso gani. Nani alikuomba hisani?"

Nilitaka kumwambia haikuwa hisani. Nilitaka kumweleza jinsi nilivyoucheza mara mbili, na waya ule wa mlango wa pili, na kwamba mtu akipima vitu viwili lazima akubali kile kilichopandisha mshale. Yote hayo yalikuwa kweli na yalikuwa yamejipanga kichwani. Lakini hayakujibu alichouliza.

Kabla sijapata pa kuanzia, gari likasimama mbele. Kijana wa maonyesho akaingia, ana kitambulisho shingoni na sanduku gumu mkononi, akasalimia, akauliza kama mchezo uko tayari.

"Muulize yeye," binamu akasema.

"Uko tayari," nikasema.

"Naweza kuujaribu kidogo? Wanataka nithibitishe unawaka."

Akakaa kwenye kiti. Binamu akaegemea ukuta wake, mimi wangu. Yule kijana akatembea kwenye waya, akatazama kapasita zilivyosimama, akasema "Loo," akainua mita na kugusa. Noti tatu zikalia. Akaacha kucheza akatutazama, meno yote nje, kisha akarudi akagusa tena pale pale.

"Hii ni nzuri kweli. Nani kaimba?"

Binamu akanitazama mimi.

"Huyu," nikasema.

"Hongera sana, dada. Ukumbi mzima wataondoka nayo." Akazima, akaanza kukunja nyaya, akiimba noti zile zile kwa pua. "Milango mingapi?"

"Kumi," nikasema.

"Safi. Inatosha kabisa."

Akafunga sanduku na kulibeba. Binamu akamfungulia mlango wa mbele, akamwachia apite, akabaki ameushikilia. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na sikujua tangu saa ngapi.

"Sema kitu basi," akaniambia.

Nikatafuta la kusema. Gari likawashwa, likakata kona, na msusi akaanza tena kuimba noti zile tatu upande wa pili wa ukuta, nami bado natafuta.